Baridi ya Julai humpeleka mbuta kilindini

Huenda wewe, mpenzi msomaji, humjui mbuta ila akiwa amekatwa vipande, akakaangwa na kulazwa kando ya ugali katika kibanda cha chakula. Au labda unamjua kwa jina la mgongo wazi, yaani kile kichwa na uti wa mgongo vinavyobaki baada ya viwanda kutoa minofu na kuipeleka ng'ambo. Kumla mbuta ni jambo moja. Kumvua kwa ndoana, hasa katika miezi ya baridi kuanzia Juni hadi Agosti, ni jambo jingine kabisa. Na kwa kuwa likizo ya Agosti ndiyo inayowapa watu wa mijini nafasi ya kuteremka Homa Bay na Migori pamoja na watoto wao, mgeni mwenye fimbo mpya ya kuvulia aweza kufika ziwani wakati ule ule ambapo samaki wake amehama.

Hajahama mbali. Amekwenda chini.

Najua msomaji wa Limuru au Nyahururu atacheka akisikia habari za baridi ya Ziwa Viktoria. Ziwa hili limekaa karibu na mstari wa ikweta, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hupungua joto kwa digrii 2 au 3 tu kati ya Machi na Julai. Mtoto anayeoga ufuoni hata hatambui tofauti hiyo. Lakini kwa mbuta digrii hizo chache ni kama kufunguliwa mlango wa nyumba aliyokuwa amefungiwa nje.

Ili uelewe vizuri, fikiria karai la maji ya kuoga. Ukitia maji baridi kwanza, kisha ukamimina ya moto juu yake taratibu, maji ya moto hukaa juu na ya baridi hubaki chini. Ukichovya kidole waweza kudhani karai lote lina moto, kumbe miguu itapata habari nyingine! Mpaka utie mkono ukoroge. Basi ziwa nalo ni vivyo hivyo. Kuanzia Septemba hivi hadi mwezi wa Aprili au Mei, jua hupasha maji ya juu nayo huelea juu ya yale mazito ya chini bila kuchanganyika sana. Maji ya chini hukosa hewa mpya. Mwani uliokufa na uchafu mwingine huzama huko na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni. Tangu miaka ya 1980 hali hiyo imezidi kuwa mbaya, kwa kuwa mbolea za mashamba, udongo unaoletwa na mito na maji taka ya miji vimerutubisha mwani kupita kiasi. Inapofika Februari au Machi, katika sehemu nyingi za ziwa kuu, maji yaliyo chini ya mita 40 hivi hayana hewa ya kumtosha samaki mkubwa.

Kamongo na mumi hawana shida na jambo hilo, kwa sababu wanaweza kupanda juu na kuvuta hewa kama wewe na mimi. Mbuta hawezi. Yeye ni samaki wa mwili mkubwa na mwendo wa kasi, mwindaji, na anataka maji yenye oksijeni nyingi. Kwa hiyo miezi ya joto humsonga juu, akabanwa kati ya uso wa ziwa na maji mabovu ya chini.

Halafu huja upepo. Wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu wanaujua msimu wa kusi, ambao huchafua bahari na kuwafungia wavuvi nyumbani. Miezi hiyo hiyo pepo kavu za kutoka kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Viktoria pia. Hukausha uso wa maji, na maji yanapokauka hupoa, kama nguo mbichi inavyokupoza mwilini. Yakipoa huwa mazito, yakiwa mazito huzama, na upepo nao hukoroga. Ndio ule mkono ndani ya karai. Kufikia Julai maji yamechanganyika kutoka juu hadi chini, oksijeni imefika kwenye tope la kilindini, na mbuta ana ruhusa ya kutembea nyumba nzima. Mvuvi aliyezoea kumkuta mita 10 chini ya maji mnamo Februari anarusha ndoana pale pale na kungoja bure.

Jambo hili si la Kenya pekee. Huko Ulaya kaskazini, katika nchi kama Finland na Uswidi, kuna samaki aitwaye paiki, mrefu, mwenye mdomo kama wa bata na meno makali, ambaye hupendwa na wavuvi wa fimbo kuliko samaki wengine wengi. Maziwa yao nayo hukorogeka, ila kwao hutokea mwishoni mwa vuli, Oktoba na Novemba, kabla ya barafu kufunika kila kitu. Maji huwa mazito zaidi yakifika digrii 4, hivyo yanapopoa kufikia hapo huzama na kuyasukuma ya chini yapande. Paiki huyo wa baridi huwa mzito wa mwendo. Hataki kufukuzia vidagaa. Anataka windo moja kubwa lililopita karibu naye polepole. Ndiyo maana vitabu vya Wazungu vitakushauri uvute chambo chako pole pole wakati wa baridi.

Usiufuate ushauri huo Mfangano. Maji yetu hata Julai yana joto la digrii 23 au 24, na mbuta hapungukiwi nguvu hata kidogo. Mwendo wake ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali anapokaa.

Sasa tuangalie ramani, maana watu wengi hukosea hapo. Mji wa Homa Bay wenyewe umekaa kwenye Ghuba ya Winam, ambayo wengine huiita Ghuba ya Nyanza. Ghuba hiyo ni ya maji mafupi, na upepo huikoroga karibu kila siku ya mwaka, kwa hiyo habari niliyokueleza ya maji ya juu na ya chini haina nguvu sana huko. Utapata ngege, utapata mumi, na mbuta wadogo wadogo. Ziwa lenyewe hasa laanzia magharibi ya Mbita. Huko ndiko kuna Rusinga, ambayo sasa unavuka daraja kuifikia, na mbele yake visiwa vya Takawiri, Mfangano, Ringiti na Remba. Upande wa Migori, kumbuka kwamba mji wa Migori hauko ziwani. Ni lazima ushuke hadi Sori kwenye Ghuba ya Karungu, ama uendelee hadi Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania, na hapo unatazamana na ziwa lote bila kisiwa cha kukukinga, ila kile kijiwe cha Migingo kilichotuletea ugomvi na jirani zetu wa Uganda mwaka wa 2009.

Kuna njia mbili za kumvua mbuta kwa ndoana. Ya wenyeji, ambao kwa Kiluo mvuvi huitwa jalupo, ni kamba ndefu iliyofungwa ndoana kwa mamia, kila moja na chambo chake: mumi wachanga, fulu, au vipande vya samaki. Hutegwa jioni na kukaguliwa asubuhi. Katika msimu wa baridi kamba hushushwa kwenye kina kirefu zaidi na boti husafiri mbali zaidi, na petroli nayo huliwa zaidi. Hiyo ni kazi, si mchezo, na mtalii asiombe kupandishwa kwenye boti la watu walio kazini.

Ya pili ni fimbo. Boti la injini huenda polepole, kama mwendo wa mtu aliyechelewa kazini lakini hataki kukimbia, na nyuma yake huvutwa chambo bandia cha mbao au plastiki chenye umbo la samaki. Mbuta hupenda kuvizia kando ya miamba, mahali ambapo ukingo wa kisiwa unaporomoka ghafla kuelekea kilindini. Rusinga na Mfangano zina kingo nyingi za namna hiyo. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, hupanda kwenye miamba hiyo kuwinda hata katikati ya Julai, na hiyo ndiyo saa yako. Mwambie mwenye boti apite kando ya mwamba mara 2 au 3 kabla ya kukata tamaa. Chagua chambo kinachozama mita 5 hadi 10. Kile kinachoelea juu kiache kwa safari ya Februari.

Akishika, utajua. Mshipi unalia, fimbo inapinda, kisha maji yanapasuka na samaki anatoa kichwa nje akikitikisa huku na huku kujaribu kuitema ndoana. Mdomo wake hauna meno ya kutisha kama ya paiki, ila una meno madogo madogo mengi mithili ya msasa, na windo humezwa zima zima. Hatari iko kwenye mashavu: kifuniko cha matamvua kina miiba na kingo zinazokata, na pezi la mgongoni lina miiba migumu. Watoto wasiguse mpaka mtu mzoefu amshike samaki kwa mdomo wa chini.

Nikumbushe jambo la usalama, kwa kuwa msimu huu ndio wa mawimbi. Ziwa lina desturi yake: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja pwani. Wavuvi wa matanga wametumia desturi hiyo tangu jadi, wakisukumwa kwenda usiku na kurudishwa mchana. Lakini pepo za msimu zikiongezeka juu ya huo upepo wa mchana, mawimbi ya Karungu na Muhuru huwa si ya kuchezea. Uwe umerudi kabla ya saa sita. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea, nalo lifungwe vifungo vyote, si kukaliwa kama mto. Yule mwenye boti akikuambia leo hatutoki, usimbembeleze kwa kumwongezea pesa. Na kabla ya yote, ulizia leseni ya uvuvi wa burudani kwa maafisa wa uvuvi, na ujitambulishe kwa kamati ya ufuo unaokwenda.

Haya, na ukimpata mkubwa je?

Hapa ndipo nataka tuongee kwa kirefu kidogo. Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, na akatiwa tena rasmi mapema miaka ya 1960, hasa kutoka Ziwa Albert. Kwa miaka 20 hivi hakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 akalipuka. Alikula fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao walikuwa wa aina zinazokadiriwa kufikia 500, hata aina nyingi zikatoweka kabisa. Watanzania walimwita sangara, Waganda mputa. Viwanda vya minofu vikajengwa, barabara zikajaa malori ya barafu, na wageni wakaanza kuruka kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara asubuhi, wakavua Rusinga au Mfangano, na kurudi Mara jioni kutazama simba.

Mwaka wa 1991, hapo Rusinga, mvuvi wa fimbo aitwaye Andy Davison alimtoa majini mbuta wa kilo 87 hivi, naye akaandikwa kuwa ndiye mkubwa kupita wote duniani waliovuliwa kwa fimbo. Fikiria mtu mzima mwenye kitambi, kisha mpe mapezi. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa kwenye Ziwa Nasser nchini Misri, ambako mwaka wa 2000 alivuliwa mmoja wa kilo 104. Haikurudi kwetu tena, na sioni itarudi lini.

Sababu yenyewe ni hii. Mbuta wakubwa karibu wote ni majike. Dume hukomaa akiwa na urefu wa sentimita 50 na kitu, jike huchelewa zaidi, na yule mkubwa sana ndiye mwenye mayai mengi mno, kwa mamilioni. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kwamba viwanda vipokee mbuta wa kati ya sentimita 50 na 85 tu. Aliye chini ya hapo hajazaa. Aliye juu ya hapo ndiye mzazi wa ziwa. Katika mizani, hao ni samaki wa kilo 1 na nusu hivi hadi kilo 7 au 8. Sheria ni nzuri, ila soko lina lake. Ndani ya mbuta mna kibofu cha hewa, ambacho wafanyabiashara huita mabondo, na vibofu hivyo hukaushwa na kupelekwa Uchina, ambako ni chakula cha heshima. Kadiri samaki alivyo mkubwa ndivyo kibofu kinavyopanda bei, na mara nyingine tumbo hulipwa vizuri kuliko minofu. Yule mama wa ziwa amekuwa na bei kichwani mwake, au tuseme tumboni.

Basi mtu wa fimbo, ambaye hakuja kutafuta karo ya shule, aweza kumpiga picha samaki wake mkubwa na kumrudisha majini. Wako watakaokasirika. Ufuoni utasikia wakiuliza ni akili gani ya kutupa chakula cha kijiji kizima mbele ya watu wenye njaa. Wako pia wapenda mazingira watakaouliza kwa nini tumhurumie mharibifu aliyemaliza fulu. Maswali yote mawili ni ya haki. Kwa la kwanza, nasema kwamba boti ulilokodi, mafuta na chakula cha siku ni pesa ambazo tayari zimebaki kijijini, na jike aliyerudi kuzaa atamfikia mwenye kamba wa mwakani. Kwa la pili, fulu wa aina kadhaa wameanza kuonekana tena tangu mbuta alipovuliwa kwa wingi, na hakuna anayejua njia ya kumtoa mbuta ziwani hata angetaka. Maelfu ya watoto wa Suba, Mbita na Nyatike wamesomeshwa na samaki huyu. Mimi niko upande wa kumwacha mkubwa.

Lakini hapa baridi huleta tatizo lake, na ndilo watu wa fimbo hawapendi kulisema. Kile kibofu cha hewa hakina mlango. Samaki akivutwa haraka kutoka mita 30 au 40, hewa iliyo ndani hupanuka kama mpira, tumbo likavimba na utumbo ukajitokeza mdomoni. Ukimwachilia ataelea kichalichali mpaka ndege wamdonoe. Hujamwokoa, umemwua bila faida ya mtu yeyote. Na miezi hii ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ambayo mbuta wakubwa huweza kukaa kwenye vina vya namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayesema atarudisha samaki asivue kilindini. Avue alfajiri kwenye miamba, kwenye mita 10, akubali kupata wachache. Akitoka kilindini akiwa amevimba, mlete nchi kavu aliwe, na usijidanganye kwa picha.

Hata kwa yule wa maji mafupi kuna adabu yake. Usimning'inize kwa mdomo kama nguo kwenye kamba, kwa maana uzito wake utamvunja taya na kumuumiza ndani. Mwache majini kando ya boti, mpime kwa utepe wa fundi cherehani, kisha mshike mkia ukimwelekeza mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Huyu ni samaki wa kuhitaji hewa nyingi, na mapigano yamemmalizia. Ataondoka mwenyewe akiwa tayari.

Hewa hiyo hiyo ndiyo huwasumbua wafugaji wa ngege ambao vizimba vyao utaviona vikielea ukipita Rusinga. Maji mabovu ya chini yakisukumwa ghafla kuja juu, samaki walio kizimbani hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi wa kutisha kwa njia hiyo. Ukiona mbuta wakubwa wakielea wamekufa bila alama ya wavu wala ndoana, sababu yaweza kuwa hiyo hiyo, na samaki hao usiwanunue hata kwa bei ya kutupa.

Ikiwa samaki watakataa kabisa, na siku kama hizo ziko, usiwaache watoto wanune. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka wa 1969, na katika kisiwa hicho hicho Mary Leakey alipata mwaka wa 1948 fuvu la Proconsul, yule nyani wa kale ambaye wanafunzi humsoma darasani. Mfangano kuna michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga. Mpande mlima asubuhi, mteremke mna njaa.

Na mkirudi ufuoni na mbuta wa sentimita 60, mwachieni mwenye boti kichwa akipike yeye. Hukatwa katikati, huchemshwa na nyanya, kitunguu na chumvi basi, bila kuharakishwa, mpaka mafuta ya manjano yaelee juu ya supu. Sehemu ya shavu mpeni mtoto aliyeamka mapema zaidi.